Mwaka Tuliokausha Mgodi

Tulimzika Bwana Mokaya nyumbani kwake Kiogoro, siku ya jua kali baada ya mvua nyingi, na gari lililobeba jeneza lilikwama kwenye tope la njia ya kuingilia bomani mpaka vijana wakalisukuma. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake, kijana mwenye sauti nzuri. Alitaja ofisi zote ambamo marehemu alifanya kazi, akataja kamati za shule na za kanisa, kisha akasema, "Kwa muda mfupi pia alisimamia mgodi wa dhahabu," akageuza ukurasa. Mimi nilikuwa nimeketi chini ya hema pamoja na Chacha, aliyekuwa nyapara wa mgodi huo. Alikuwa ametoka Kuria alfajiri, na mkongojo wake na koti zito ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa utosini. Alinigeukia akasema, "Muda mfupi." Kisha tukaletewa chakula. Tukala wali na nyama, tukaanza kukumbushana, na wajukuu wa marehemu waliokuwa karibu wakaacha simu zao wakasogeza viti. Mmoja akauliza, "Kwani huku kwetu kulikuwa na dhahabu?" Chacha akamwambia kulikuwa na dhahabu na kulikuwa na maji, na maji ndiyo yaliyokuwa mengi. Niliporudi Nyamira niliamua kuandika habari za mwaka ule, kwa sababu kati ya watu walioujua kwa ndani tumebaki yeye na mimi, na Chacha ni mtu wa kusimulia, si wa kuandika.

Mgodi wenyewe ulikuwa chini ya Kenyenya, mahali ambapo milima yetu inaanza kushuka kuelekea nchi ya joto. Wazungu waliuchimba kabla ya vita kuu ya pili, wakaondoka, wakaacha mnara wa chuma, nyumba chache za mabati na shimo refu lililoingia ardhini kama kisima. Watu wa huko waliuita Engoro, yaani shimo, na hawakuona haja ya jina lingine. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wafanyabiashara wachache wa mjini Kisii na wakulima wa chai waliokuwa na uwezo waliungana kuufufua. Walichekwa sana. Sokoni ilisemwa kwamba Mzungu hawezi kuacha dhahabu ikiwa ipo, na kwamba hao wenye tai wanakwenda kuchimba kaburi la Mzungu. Bwana Mokaya, ambaye alikuwa amesomea madini ng'ambo na kuacha kazi nzuri ya serikali ili awe meneja, alikuwa na jibu moja tu kwa wote. Alisema Wazungu hawakushindwa na dhahabu, walishindwa na maji. Alilisema kwa upole, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda posta, nami nadhani ndiyo sababu watu walimfuata.

Niliajiriwa kupika. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nimemaliza darasa la saba na kujifunza ushonaji, na wakati huo hakuna aliyehitaji kushonewa kitu. Tulipewa chumba kimoja, mimi na Kwamboka, mpishi mkuu, mama wa makamo aliyekuwa Msabato wa kweli kweli. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya chuma vilivyoachwa na Wazungu, dirisha lenye wavu uliotoboka, na ukutani alama nyeupe ya mahali palipowahi kutundikwa picha kubwa. Kwamboka alipenda kubuni ilikuwa picha ya nani. Jikoni tulipika obokima, ugali wetu wa Kisii, katika sufuria ambayo mtu angeweza kuoga ndani yake, na mboga za chinsaga zilizolala usiku kucha katika maziwa ili uchungu upungue, na maharagwe, na siku za kupokea mshahara nyama. Wafanyakazi walikuwa Wakisii, Wajaluo, Wakuria na Waluhya wachache, kwa hiyo mezani kulisemwa Kiswahili, kila mtu na chake. Hiki ninachoandika hapa nilikipata pale zaidi kuliko shuleni. Nilikipata nikigawa mboga, nikisikia mtu akisema "hii mawe imekataa" na mwenzake akimjibu "itakubali tu."

Kati ya jiko letu na nyumba ya winchi kulikuwa na ukuta wa bati moja. Winchi ndiyo mashine iliyokuwa ikishusha na kupandisha kila kitu: pipa kubwa la chuma lililoning'inia kwenye waya mnene, na ndani ya pipa hilo watu, mawe, magogo ya kuzuia dari, chai ya saa nne. Aliyekuwa shimoni alivuta kamba, na kengele ikalia juu. Mlio mmoja ni simama, miwili ni shusha, mitatu ni pandisha mawe, na minne, iliyopigwa polepole, ilikuwa na maana moja tu: ndani ya pipa kuna watu. Nilisikia kengele hizo kutwa nzima kupitia bati. Baada ya miezi michache mikono yangu ilikuwa ikisimama juu ya mwiko kila zilipolia nne, na haikuendelea kusonga mpaka nisikie breki imeshika na mlango wa mnara umefunguliwa.

Mwendeshaji wa winchi alikuwa Mzee Odera, Mjaluo aliyewahi kufanya kazi hiyo chini ya Wazungu katika migodi iliyokuwa kwao Ujaluoni. Nilikuwa nikimpelekea chakula, naye alipenda kula akiongea. Alinionyesha jinsi mguu unavyokaa kwenye breki na mkono kwenye klachi, na alama za rangi nyeupe zilizopakwa kwenye waya ili ujue pipa limefika wapi. Siku moja, akitafuna taratibu, akasema, "Binti yangu, hizi alama sasa nazisoma kwa mazoea. Macho yana ukungu." Jioni ileile alikwenda mwenyewe kwa Bwana Mokaya akamwambia anahitaji mtu wa pili, na mtu huyo apatikane kabla macho hayajaharibika zaidi. Nilimheshimu sana kwa jambo hilo. Winchi ilikuwa heshima yake yote, na aliifungulia mtu mwingine mlango kwa mkono wake.

Bwana Mokaya alitangaza jaribio. Karai lililojaa maji lingewekwa ndani ya pipa, na mwenye kutaka kazi angelishusha mpaka chini na kulipandisha. Dereva mmoja wa lori alijaribu, karai likarudi karibu tupu. Fundi wa baiskeli akajaribu, akafanya vizuri zaidi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na aproni yangu, nikasikia sauti yangu ikisema kwa Kiswahili, mbele ya wanaume wote, "Na mimi nijaribu." Wengine walicheka. Bwana Mokaya alimtazama Mzee Odera, naye akainuka kwenye kiti akanipisha. Sitaki kujisifu kupita kiasi, maji yalimwagika kiasi. Lakini karai langu lilirudi likiwa na maji mengi kuliko ya wenzangu, na nilijua sababu. Mguu wangu ulikuwa umezoea cherehani, na cherehani haitaki kukanyagwa, inataka kubembelezwa.

Chacha ndiye aliyekataa. Alikuja jikoni, akasimama mbele yangu na kofia yake ya chuma mkononi, akaniambia usoni badala ya kunisema pembeni. "Dada, mimi sina ubaya na wewe. Chakula yako ni nzuri. Lakini mimi nashuka na mkono ya Odera. Hii ingine siijui." Nyuma yake wengine walinong'ona mengine, kwamba mwanamke akikaa karibu na shimo dhahabu inakimbia. Kwamboka, aliyekuwa akichambua maharagwe, akasema bila kuinua kichwa, "Kama inakimbia mwanamke, mbona mnaitafuta ili mkamnunulie mwanamke kanga?" Watu walicheka, lakini Chacha hakucheka, wala hakubadili neno lake. Bwana Mokaya akakata shauri: Mzee Odera atapandisha watu, mimi nitapandisha mawe. Nililikubali. Ningetaka kusema nililikubali kwa unyenyekevu, lakini ukweli ni kwamba nililikubali kwa sababu nilijua mawe ni mazito kuliko watu, na kila siku ningejifunza.

Mvua za masika zilikuja zikiwa nzito mwaka ule. Kwenye mashamba ya chai ya juu, upande wa Itumbe, watu walishukuru. Sisi tulikuwa tukisikiliza pampu. Wazungu walikuwa wameacha njia nyingi chini ya ardhi ambazo hazikuwa kwenye ramani yoyote, na njia hizo zilikuwa zimejaa maji ya miaka yote ile. Bwana Mokaya alijua hivyo, akaamuru watu watoboe mashimo membamba mbele yao kabla ya kuchimba, ili maji yakiwepo yaonekane mapema. Walitoboa. Lakini ukuta uliopasuka haukuwa wa mbele, ulikuwa wa pembeni, mahali ambapo hakuna aliyetazamia.

Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Mzee Odera alikuwa amewashusha watu alfajiri, kisha akaenda hospitali mjini kuonyesha macho, na kwa hiyo ilikuwa zamu ya mawe tu. Watu wangekaa chini mpaka arudi mchana. Kengele ikalia tatu, nikapandisha mawe. Ikalia tatu tena. Kisha nikasikia upepo ukitoka shimoni, upepo wenye harufu ya tope la zamani, na kengele ikaanza kulia ovyo, bila hesabu. Ikanyamaza. Halafu ikalia nne, polepole, kama ilivyotakiwa. Mtu aliyekuwa kwenye kamba alikuwa amejituliza ili mimi nimwelewe. Nikajua ni Chacha. Niliweka mguu kwenye breki, nikaachia klachi, nikawapandisha watu wa kwanza taratibu, huku kila kiungo mwilini mwangu kikitaka kukimbiza mashine. Walipotoka walikuwa wamelowa mpaka kifuani. Nikashusha, nikapandisha. Bwana Mokaya alikuwa amesimama kwenye mlango wa mnara akiwavuta watu kwa mikono, na hakunigeukia hata mara moja kuniambia fanya hivi au vile. Katikati ya kazi kamba ya kengele ilikatika. Nikabaki na pipa chini na sijui kama kuna mtu ndani. Nikautuliza moyo wangu nikasikiliza, na kupitia bomba la pampu, ambalo lilipita ukutani kando yangu, nikasikia jiwe likigonga chuma. Nne. Walikuwa wa mwisho, na Chacha alikuwa ameshika ukingo wa pipa kwa nje kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Hakuna mtu aliyebaki chini.

Mchana Chacha alikuja jikoni, akala obokima na chinsaga, akaomba aongezewe. Alipomaliza alisema, "Mimi bado sijui kama ni sawa mwanamke kukaa pale. Lakini nimetoka." Nilimwambia anipe sahani nikaoshe. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kidogo, kisha nikaosha sahani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena nani yuko kwenye winchi.

Watu tuliwaokoa, mgodi tuliupoteza. Maji yalikuwa yamepanda karibu nusu ya shimo, na pampu na injini yake vilikuwa chini ya maji hayo. Wenye mgodi walikuja kutoka mjini na viatu vyao vya ngozi, wakakutana na Bwana Mokaya katika chumba cha ofisi kilichokuwa upande wa pili wa stoo yetu. Kwamboka na mimi tulikuwa stoo tukipanga ndizi, na sikumbuki kama tulizipanga kweli. Tulisikia mmoja akisema kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba Wazungu walikuwa na pampu kubwa kuliko yetu na bado waliondoka. Mwingine akasema hakuna fedha za pampu nyingine. Kisha tukasikia sauti ya Bwana Mokaya, ileile ya upole. "Winchi iko hai. Waya uko mzima. Nipeni kiangazi hiki, niyatoe maji kwa pipa." Mtu akauliza, "Pipa kwa pipa?" Akajibu, "Ndiyo, pipa kwa pipa." Kwamboka alinitazama akasema kwa sauti ya chini, "Sasa huyo anakusemea wewe."

Na ndivyo tulivyofanya. Tulilitia pipa majini, likajaa, likapandishwa, likamwagwa kwenye mfereji wa mabati ulioteremka mpaka mtoni, likarudi. Mzee Odera alikuwa amepewa miwani minene iliyomsaidia kiasi, na tulipokezana, yeye na mimi na yule fundi wa baiskeli, ambaye naye alifundishwa. Kazi ile ilikuwa ya masikio na nyayo. Pipa likigusa maji waya unalegea kidogo sana, na unausikia ulegevu huo kwenye mguu kabla hujauona kwa macho. Tatizo lilikuwa kwamba maji hayakupumzika. Tukisimama siku moja tu, yalirudisha yote tuliyoyatoa. Na Kwamboka na Wasabato wote, akiwemo Bwana Mokaya, hawakufanya kazi Jumamosi, na Wakatoliki, tukiwemo mimi na Chacha, tulitaka Jumapili yetu. Shauri hili lilizungumzwa mezani, juu ya chakula, bila meneja kuitisha mkutano. Jumamosi Wakatoliki tuliuendesha mgodi peke yetu na tukala chakula ambacho Kwamboka alikuwa amekipika Ijumaa. Jumapili Wasabato wakachukua zamu, na tukirudi kutoka misa tulisikia winchi ikiimba tukiwa bado ng'ambo ya bonde. Nimeona mikutano mingi ya viongozi wa dini tangu wakati huo, na bado sijaona makubaliano mazuri kama yale yaliyofanywa na watu wenye unga mikononi.

Mambo hayakwenda sawa siku zote. Waya ulianza kuchanika nyuzi, ikabidi tusimame, ukatwe na kufungwa upya, na maji yakapanda mpaka alama tuliyokuwa tumeipita zamani. Kinamama waliosikia hayo sokoni Kenyenya walianza kutuletea ndizi na maziwa bila kuitwa, wengine wakiwa wake za walewale waliotucheka. Walikaa kwenye nyasi wakitazama pipa likitoka na kumwagwa, kama watu wanaotazama mpira. Mmoja aliniita pembeni akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye ninayelivuta. Nilimwambia injini inavuta, mimi naisikiliza. Alinishika mkono wa kulia akakitazama kiganja, kisha akaurudisha kwangu kwa heshima kama kitu cha watu.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha, pipa lilirudi siku moja likiwa na tope badala ya maji. Chacha alishuka, akakaa muda, akapanda na kusema, "Nimesimama." Njia ya chini ilikuwa wazi, na huko ndiko kulikokuwa na mshipa, ukanda wa jiwe jeupe wenye dhahabu ambao Wazungu walikuwa wameufikia na kuukimbia. Tulipandisha jiwe hilo, likapondwa kwenye kinu chenye kelele ya kuondoa usingizi wa kijiji kizima, likaoshwa, na siku moja Bwana Mokaya alituita wote nyumbani kwake. Juu ya meza ya kulia, kwenye kitambaa cha mezani, kulikuwa na kipande cha dhahabu, kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Alisema kila mtu akishike. Kikapita mkono kwa mkono, kutoka kwa wachimbaji mpaka kwa Kwamboka, ambaye alikifuta kwanza kwa upindo wa leso yake. Kilipofika kwangu nilishangaa uzito wake. Mzee Odera aliinua miwani akakileta karibu na jicho, akasema katika kazi yote aliyowafanyia Wazungu, hajawahi kuruhusiwa kushika dhahabu.

Ningependa kusema vilifuata vingine vingi. Vilifuata vichache. Mshipa uliingia kwenye ufa wa mwamba, ukakatika, na upande wa pili wa ufa haukuonekana, ingawa Bwana Mokaya aliutafuta mpaka akakonda. Wenye mgodi hawakuwa watu wabaya. Walikuja, wakatushukuru, wakasema wamefika mwisho wa uwezo wao. Watu wananiuliza kama sikuona uchungu. Niliona. Lakini uchungu wangu haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Kitu ambacho wenye mashine kubwa walikikimbia, sisi tulikifikia kwa pipa moja, na mwamba ulipotunyima dhahabu, ulitunyima tukiwa tumesimama mbele yake. Baadaye nilifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kiwanda cha chai, nikasimamia wanaume na wanawake, na kila nilipoambiwa jambo fulani haliwezekani nilijikuta nikiuliza kwa upole kama winchi ingali hai, na vijana hawakuelewa nasema nini.

Siku ya mwisho vyombo vilikuwa vinapandishwa kabla ya shimo kufungwa. Nilikuwa nimeshusha watu tangu siku ile ya maji, na sikuwa nimewahi kuona ninakowashusha, maana sheria ya migodi haikumruhusu mwanamke kwenda chini. Chacha alikuja kwenye winchi akasema, "Dada, haifai ufunge mlango wa nyumba hujaiingia." Mzee Odera akanyoosha mkono akashika klachi badala yangu. Bwana Mokaya, aliyekuwa amesimama palepale na alikuwa amesikia yote, akatazama saa yake akasema anakwenda kula, ingawa hatukuwa tumepakua. Nikavaa kofia ya mtu, nikakunja gauni, nikaingia pipani.

Chini kulikuwa na baridi na kimya. Chacha alinitangulia na taa, akanionyesha ukuta uliopasuka, ambao walikuwa wameuziba kwa magogo, na akanionyesha mahali aliposimama akivuta kamba. Alinionyesha mshipa na jinsi ulivyokatwa na mwamba kama kwa kisu. Nilitembea mpaka mwisho wa njia, mkono wangu ukipapasa ukuta. Mahali popote nilipokanyaga palikuwa pamewahi kuwa na maji yanayompita mtu kichwa, nami niliyajua yote, nilikuwa nimeyabeba. Nilipopanda, nikiwa na tope mpaka magotini, Kwamboka alikuwa ananisubiri kwenye mlango wa mnara, mikono kiunoni.

"Haya," akasema. "Umeona nini huko?"

Nikamwambia, "Pakavu."